Mpishi Asiyeonja

Kosa litakalofichuliwa hapa ni kukana jambo unalolijua kwa hakika, mbele ya mtu ambaye heshima yake yote imebaki kwenye ulimi wako. Wapo wanaoliita woga, na woga huonewa huruma. Mimi sitaliita hivyo. Nimefundisha Historia katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka ishirini, nimewasahihisha watoto wa watu kwa wino mwekundu, na nimeona kwamba kosa lisipotajwa kwa jina lake huhamia ndani ya nyumba, likazeeka humo, na hatimaye likaitwa busara. Kwa hiyo nalitaja mapema, kisha nitamweleza mtu niliyemkosea.

Alikuwa jirani yangu katika mtaa wa Buhare, Musoma, kwa miaka kumi na mmoja. Watu walimwita Mpishi, nami nitamwita hivyo hivyo. Ukuta uliotenganisha uwanja wake na wangu ulikuwa wa kimo cha kifua, na jiko lake lilikuwa kibanda cha mabati kilichoegemea upande wa pili wa ukuta huo. Nikisimama kwenye karo langu la kuoshea vyombo niliona mabega yake, mkono wake wa kulia, na karai lake jeusi. Karai hilo alilipata karibu na Bunda, katika kambi ya Wachina waliokuja kujenga barabara. Aliwapikia miaka minne, kwanza kama mwosha vyombo, baadaye kama mkono wa kulia wa mpishi wao mkuu, mzee mkali ambaye hakujua Kiswahili zaidi ya maneno mawili: "haraka" na "bado." Mpishi alisema maneno hayo mawili yalimtosha kujifunza kazi yote.

Ukimwona njiani usingedhani kwamba ana haraka yoyote. Alitembea polepole, kama mtu aliyebeba maji kichwani hata akiwa mikono mitupu. Salamu yake ilikuwa ndefu: atakuuliza hali ya watoto, ng'ombe wa baba mkwe, mvua ya upande wenu, mguu wa bibi yako ulioteguka mwaka juzi. Kuchambua mchele kulimchukua asubuhi nzima. Lakini mbele ya moto aligeuka mtu mwingine. Chakula chake kilichosifika kuliko vyote, ambacho sisi majirani tulikiita "cha Kichina" na yeye alikiita "cha fasta," kilikaa motoni kwa muda wa ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani na kiitikio chake. Sisemi kwa mfano. Aliupima muda huo kwa kuimba.

Alinifundisha mchana wa Jumapili kadhaa, baada ya ibada, na alinifundisha kwa ukali ambao mimi mwenyewe sikuwahi kuutumia darasani. Asubuhi alishuka mwaloni, kwenye soko la samaki ufukweni, kuchagua sangara. Minofu aliikata vipande vya upana wa vidole viwili, akavikausha kwa kitambaa safi, kimoja kimoja, kama mtu anayefuta miwani.

"Samaki mwenye maji hakaangiki, Ticha. Anachemka tu na kukulaumu."

Alivipaka unga kidogo wa wanga na pilipili manga. Ndugu wa mtu alipopita kutoka Mwanza na kuleta kamba na ngisi wa kugandishwa, aliwayeyusha kwenye maji baridi na kuwakausha kwa uangalifu uleule. Karoti alizikata mshazari, nyembamba. Hoho za kijani na nyekundu, maharage mabichi, vitunguu vya majani. Mboga ya chainizi aliitenganisha, shina huku na majani kule, kwa sababu, alisema, hao ni ndugu wa tumbo moja lakini hawaivi pamoja. Tangawizi na kitunguu saumu vilikatwa kama njiti. Katika bakuli dogo alichanganya sosi ya soya, ndimu, sukari ya kubana kwa vidole na wanga kijiko kimoja. Vyote hivyo vilipangwa juu ya ubao kwa mfuatano wa kuingia motoni. Mpaka hapo mkaa ulikuwa haujawashwa.

"Mbona huwashi?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Moto haumsubiri anayetafuta chumvi. Maliza kazi yako yote, ndo uuite."

Mkaa ulipokuwa mwekundu na karai limeanza kutoa moshi, alimwaga mafuta, akayazungusha, akaingiza samaki. Samaki alitolewa akiwa bado na haya katikati. Kisha tangawizi na saumu, kwa pumzi moja tu, karoti na maharage, hoho, shina la chainizi, samaki akarudi, mchuzi ukamwagwa pembeni mwa karai ili uchemke kabla ya kufika katikati, majani, tone la mafuta ya ufuta. Mkono haukusimama. Kiitikio kilipoisha alisema "Sasa!" na karai likawa limeshaondolewa. Wali ulikuwa tayari, sahani tayari. Aliyechelewa kuketi alikula kilichopoa na lawama juu yake.

Jambo hili la haraka lilimgharimu sifa kwa wazee. Kwetu mgeni wa heshima husubiri. Husikia kuni zikipasuliwa, huona moshi na kuku akikimbizwa, na katika kusubiri huko hupimwa uzito wake. Mjomba wa mume wangu, mzee wa ukoo, alipokaribishwa kwa Mpishi mara ya kwanza alikaa kitini, akaanza habari za malisho, na kabla hajamaliza ng'ombe wa pili sahani ikawa mbele yake.

"Huyu mama ananifukuza?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana, Mjomba. Ndivyo kinavyopikwa."

"Chakula gani hakijui hata jina langu?"

Alikila, akakimaliza, akalamba kidole. Lakini njiani kurudi alisema kwamba chakula usichokiona kikipikwa ni barua usiyojua imeandikwa na nani. Nilicheka. Siku hizo nilidhani mzee anatania.

Mpishi alikuwa na tabia nyingine ambazo zilipita kama vichekesho. Alipokaanga samaki alijifunga kitambaa kizito puani na mdomoni, akabaki macho tu, na wanawake wa mtaa walimtania kwamba Wachina walimfundisha udaktari wa upasuaji. Alijibu kwamba moshi wa mafuta unamkereketa. Alikuwa shemasi mwaminifu kanisani, mpole kwa wagonjwa, lakini ukiongea ndani ya jiko lake wakati karai liko motoni alikutoa nje bila kujali cheo chako. Mchungaji mwenyewe aliwahi kutolewa. Aliwahimiza mabinti waliokuja kujifunza kwake wale wanachopika, ilhali yeye kwenye meza iliyojaa samaki alijichotea ugali na maziwa mgando. Wengi waliona ni unyenyekevu wa mpishi: hula mwisho, hula kidogo.

Na hakuonja. Hapa ndipo simulizi yangu inaposimama. Katika ukoo nilikoolewa, kama katika koo nyingi za huku Mara, anayekupa chakula au kinywaji hutangulia kukionja mbele yako. Huhitaji kumshuku mtu ili umtarajie aonje. Ni adabu, kama kuvua kofia. Mpishi aliikwepa adabu hiyo kwa ufundi. Chumvi aliipima kwa pua, akiinama juu ya mvuke na kitambaa chake, na wageni walipokuja alimwita mmoja wa wanawake wao jikoni aonje na kupeleka sahani. Aliyeitwa mara nyingi ni mke wa shemeji yangu mkubwa, yaani mke wa kaka yake mume wangu, mwanamke mwembamba wa Bunda aliyekuwa na ulimi mwepesi.

"Huyu ananiitaga kuonja chumvi," alisema siku moja, akitoka na sahani. "Mwisho nitakuwa nimeonja mpaka fungu la mume wangu."

"Onja tu, mume wako ana mwili wa akiba," Mpishi alijibu kutoka ndani, na sote tukacheka, mwenye mwili akiwa wa kwanza.

Mimi nilijua kwa nini haonji. Nilijua peke yangu. Mwaka wa tatu wa ujirani wetu alikuwa akipikia sherehe ya kumuaga binti wa mtaani anayeolewa, mimi nikimsaidia kumenya saumu. Mchuzi wa kamba ulimrukia midomoni, na kwa kujisahau akaulamba. Katika muda mfupi midomo yake ilivimba ikawa si yake, shingo ikajaa mabaka, na sauti ya pumzi yake ikawa kama ya mlango mkavu. Nilimkimbiza hospitali kwa bajaji, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Tabibu alimchoma sindano, akangoja, kisha akamwambia mbele yangu kwamba mwili wake haupatani na samaki wala kamba, na kwamba siku nyingine anaweza asifike hospitali.

"Nilijua," alisema tukiwa njiani kurudi. "Ilinianza kule kambini, mwaka wa pili."

"Na bado unapika?"

"Nipike nini kingine, Ticha? Ndo kazi niliyoachiwa na Mungu." Kisha akanishika kiganja. "Usimwambie mtu. Mpishi asiyeweza kula chakula chake ni kama fundi cherehani anayetembea uchi. Nani atampelekea kitambaa?"

Niliahidi. Ahadi hiyo niliitunza vizuri mno.

Shemeji yangu mkubwa alikaa Mwisenge. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa na kicheko cha kusikika barabara ya pili, na alikuwa na shinikizo la damu ambalo alilitaja kama mtu anavyotaja mpangaji msumbufu. Mchana mmoja, mimi nikiwa shuleni, alipita kwangu na mume wangu, wakakuta hakuna chakula, wakaenda kwa jirani. Mpishi aliwapikia sangara na mboga. Mke wa shemeji hakuwepo, wala mwanamke mwingine yeyote wa kuitwa jikoni. Alileta sahani mwenyewe, kila mtu na yake.

"Onja kwanza, mama," shemeji alimwambia, akicheka. "Ukoo wetu hatuli cha asiyeonja."

"Kula bwana, kinapoa. Nikianza kuonja sahani yako nitakuachia mfupa."

Shemeji alicheka, akala, akaomba tena. Siku ya tatu asubuhi alianguka akifunga kamba za viatu vyake. Hospitali walisema ni moyo. Tulimzika kijijini kwao, na katika siku zile za vilio mume wangu, kwa uchungu na bila nia mbaya ninayoweza kuithibitisha, aliyarudia maneno yale ya mezani kwa mtu mmoja: aliombwa aonje, hakuonja. Kufikia siku ya kuanua matanga hakukuwa na mtu katika ukoo asiyeyajua, isipokuwa hayakuwa tena maneno ya utani.

Kikao kilikaliwa uwanjani kwangu, saa nne asubuhi, jua likiwaka. Mjane alikuwa ndani, kwa kuwa mjane wa ukoo ule hasemi mbele ya wazee mpaka avuliwe kitambaa cha msiba, na chake kilikuwa bado. Mpishi aliitwa kutoka upande wa pili wa ukuta. Alikuja na kanga yake ya kanisani, akaketi kwenye kigoda alichoonyeshwa.

"Mama, hatujakuita kukushtaki," Mjomba alianza. "Tunauliza tu. Marehemu alikuomba uonje. Ndiyo au hapana?"

"Aliniomba, mzee wangu. Tulikuwa tunataniana."

"Ukaonja?"

"Sikuonja."

"Kwa sababu gani?"

Siri aliyoitunza kwa miaka yote ile aliitoa mwenyewe, mbele ya watu thelathini.

"Nikila samaki naumwa. Navimba, pumzi inakata. Ndo maana."

Kicheko cha msibani ni kibaya kuliko matusi. Shangazi mmoja alipiga makofi. "Heh! Miaka yote unapika samaki, leo ndo wamekuwa sumu kwako?"

"Na hicho kitambaa unajifungaga mdomoni," akadakia mwingine, "unakuwaga unamnong'oneza nani?"

Aligeuza uso taratibu, kwa ule utulivu wake wa njiani, mpaka ukasimama kwangu.

"Muulizeni Ticha. Ticha anajua. Si ulinipeleka hospitali, Ticha? Waambie."

Watu wote walinitazama. Mume wangu alitazama viatu vyake. Ningeweza kusema hapa kwamba nilikuwa mgeni katika ukoo ule, kwamba mwanamke aliyeolewa hapingi kikao cha wajomba, kwamba mume wangu ndiye aliyeyapeleka maneno na kumsafisha Mpishi kungekuwa kumchafua yeye. Yote hayo ni kweli na hayanisaidii. Ahadi haikunifunga tena, kwa maana mwenyewe alikuwa ameifungua. Nilikuwa na ukweli mzima mkononi, wenye tarehe, bajaji na sindano.

Nilisema, "Nilimpeleka hospitali mara moja, alikuwa na homa. Mambo ya samaki mimi sijui."

Tazama jinsi uongo wa mtu aliyesoma unavyojengwa: nusu yake ni kweli, na sauti yake ni ya utulivu.

Mpishi alinitazama kwa muda ambao naupima mpaka leo. Kisha akasema, "Haya, Ticha." Akaomba ruhusa kwa Mjomba, akainuka, akaenda kwake.

Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyetupa jiwe juu ya bati lake. Watu waliacha kula, basi. Mabinti waliokuwa wakija kujifunza walipata shughuli nyingine. Mwenye sherehe alipata mpishi mwingine. Siku ya chakula cha pamoja kanisani alileta hotipoti yake kama kawaida, akaiweka mezani katikati ya nyingine, na nilikuwepo wakati wa kukusanya vyombo: vyote vilikuwa vitupu, chake kilikuwa kizito. Mfuniko ulikuwa haujafunguliwa. Alikibeba kwa mikono miwili hadi nyumbani, nami nilitembea nyuma yake hatua ishirini, nikipunguza mwendo alipopunguza ili nisimfikie.

Kwa miezi minne nilisimama kwenye karo langu nikisikiliza. Alipika kila Jumapili. Nilisikia kisu kwenye ubao, muda mrefu, kwa subira yake yote, kisha mkaa, kisha ule mlio wa samaki akiingia kwenye mafuta, ambao hufanana na mvua inayofika ghafla kwenye bati, kisha wimbo, ubeti mmoja na kiitikio. "Sasa!" alisema. Hakukuwa na mtu wa kuambiwa. Sikuwahi kusikia sahani ya pili ikiwekwa chini.

Baadaye alihama. Nilijua siku yenyewe, kwa maana aliaga kanisani, na asubuhi ile nilitoka mapema kwenda shuleni ambako sikuwa na kipindi. Nilirudi jioni nikakuta kibanda kimefungwa kwa waya. Alikwenda Butiama, kwenye mji wa mdogo wake wa kiume. Wiki hiyo hiyo mjane wa shemeji naye alirudi kwao Bunda, na katika ukoo ilisemwa kwamba msiba umemchanganya akili. Sikuuliza umemchanganyaje. Nilikuwa nimeshazoea kutouliza.

Wapangaji wapya wa nyumba ile hutumia jiko la gesi na hawaimbi. Hata hivyo mlio ule ulibaki. Mvua ya kwanza ya msimu ikigonga bati langu, mikono yangu hutafuta vibakuli kabla akili haijajua ni mvua. Nimekipika chakula chake mara nyingi, katika karai la kawaida lisilo na uzito wa lile, na kila mara najikuta nimepanga vyote sawasawa, nimekausha vipande vya samaki kimoja kimoja, mafuta yametoa moshi, samaki ameshaingia, nami nimesimama kwa sababu nasubiri sauti kutoka ng'ambo ya ukuta inipe ruhusa. Samaki huungua. Mume wangu humla hivyo hivyo. Yeye naye husikia, nadhani, ila hatujawahi kuulizana.

Mwaka huu nilisema. Katika kikao cha familia, baada ya habari za shamba, nilisimama na kueleza yote, bajaji na sindano na uongo wangu. Mjomba, ambaye sasa haoni vizuri, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, mambo hayo yalishapita." Shangazi yule aliuliza kama chai imebaki. Mume wangu alitoka nje. Ukweli ulioletwa kwa kuchelewa hupokewa hivyo: watu huupisha, kama wanavyompisha mgonjwa njiani, na kuendelea na safari.

Kilichonisukuma kusema ni safari ya Butiama, nayo ndiyo ninayomalizia.

Nilimkuta ameketi kwenye jiwe pana nyuma ya nyumba, katika upepo wa baridi wa kule juu, akibangua karanga. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe zote. Alinisalimu kwa salamu yake ndefu, akawauliza watoto wangu mmoja mmoja kwa majina. Mume wangu pia. Mjomba pia. Nilipoona anakaribia kuuliza mvua ya Musoma nilimkatiza.

"Mama, nimekuja kukuomba msamaha. Siku ile nilijua. Nilisema uongo."

"Najua ulisema uongo," alisema. "Mimi si nilikuwepo?"

"Nimekuja nikuambie—"

"Mimi unaniambia nini, Ticha? Mimi ndiye niliyevimba. Waambie wale ambao hawakuvimba." Alipuliza maganda ya karanga kutoka kiganjani. "Umeniletea mwavuli, mvua ishanyesha, nguo zishakauka. Mwavuli mzuri. Ila si mimi wa kupewa."

Tulikaa. Kuku walipita. Saa moja nzima ilipita, ikaanza ya pili, na ndipo nilipotambua kwamba sijapewa hata maji. Katika nyumba yoyote ya Mara, hata ya adui, mgeni hupewa maji. Nadhani aliona macho yangu yakienda mlangoni.

"Kwangu mgeni hali siku hizi," alisema, bila hasira yoyote. "Wala hanywi. Usidhani nakunyima wewe. Nilikaa miezi minne kule na sufuria zangu zimefunikwa, mkono ukazoea. Sasa mtu akija, mkono hautoki."

Nililia mbele yake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya mbele ya mtu aliye hai. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, kama alivyowaacha samaki wakauke.

Ndipo akaniambia ambacho mtaa ulikijua na mimi wa ukoo ule sikuwahi kuambiwa. Asubuhi ile aliyohama, mimi nikiwa nimejificha shuleni, gari la mizigo lilikuwa limesimama mlangoni na majirani wametoka kutazama. Mjane wa shemeji yangu alifika kwa miguu kutoka Mwisenge, kitambaa cha msiba bado kichwani. Akaketi barazani, mahali pa kuonekana na mtaa mzima, akasema anataka kupikiwa chakula kile kile alichokula mumewe. Mpishi alimwambia karai limeshafungwa. Akamwambia alifungue. Samaki alinunua mwenyewe njiani. Alikuwa naye kwenye kapu.

"Nikampikia. Wimbo nimeusahau. Akala sahani nzima, Ticha, taratibu, mtaa unamtazama. Akamaliza akasimama. Akasema, 'Mume wangu aliacha kumeza vidonge vyake vya presha. Mimi ndiye niliyeikuta chupa imejaa. Nilimwambia Mjomba, akaniambia mjane hana sauti. Haya, nimekula kwa huyu mama, niko hai. Anayetaka kunizika anifuate.' Akapanda na mimi kwenye gari mpaka njia panda ya Butiama. Akashuka, akaenda kwao Bunda. Ukoo wenu walimwambia asirudi."

"Tuliambiwa amechanganyikiwa," nilisema.

"Mliambiwa." Alichukua karanga nyingine. "Hana nyumba, hana shamba aliloachiwa na mumewe. Kwa sahani moja."

Jua lilikuwa limeanza kuegemea mawe. Nilimwambia kwamba nataka kuandika habari zake, watu wazisome, jina lake lisafishwe. Alitikisa kichwa kabla sijamaliza.

"La kwangu usiliandike. Limeshapita kwenye midomo ya kutosha. Mimi niite Mpishi, inatosha. Ukitaka kuandika jina, andika la yule aliyekula."

Nimemtii. Nilikwenda Bunda, nikamkuta kwenye kibanda cha dada yake, nikamwomba ruhusa, naye akanipa kwa sharti kwamba nisiongeze chochote baada ya jina lake. Anaitwa Nyanjige.